Ubao wa Meku

Kijiko kilifika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya Februari, juu ya Fuso, kimefungwa minyororo mbele na nyuma. Nilikuwa zizini nakatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikasikia gari likipanda kilima kwa gia nzito, nikasikia watoto wa majirani wakilikimbilia, nikatoka na panga mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa mbele, kando ya dereva. Aliposhuka alimsalimu mama yake, akageukia upande wa pili na kuanza kuwaelekeza vijana mahali pa kutegesha magogo ya kushushia. Mimi hakunitazama.

Hapo hapo nikajua kiinua mgongo kimekwenda wapi.

Mume wangu alifundisha sayansi shule za msingi kwa miaka 34, ndiyo maana nyumba nzima, nami nikiwemo, tunamwita Mwalimu. Fedha za kustaafu kwake tulizipangia pamoja, usiku, kwenye daftari: kuezeka upya nyumba ya mawe aliyoijenga baba yake kwa fedha za kahawa, kununua ng'ombe wa pili, kisha kuchimba mtambo wa biogesi, ambao unataka samadi ya angalau ng'ombe wawili wanaolishwa zizini, ili Bibi, mama mkwe wangu mwenye miaka 81, aache kuinamia moshi wa kuni. Kila jambo lilikuwa na mstari wake na kiasi chake. Trekta halikuwa na mstari.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Kijiko."

"Macho ninayo. Nauliza kimetoka kwenye fedha gani."

Alivua kofia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena. "Kitachimba shimo la gesi. Kitabeba samadi. Kikimaliza hapa kitakodishwa, na paa litatoka humo humo. Ningekuambia, ungekataa."

Bibi alikuwa amekaa kibarazani na fimbo yake. Akasema, "Mgeni akishafika hupewa maji. Mengine mtayasema usiku." Mwalimu akafungua rejeta, akaangalia maji, akaongeza. Nami nikarudi zizini.

Usiku hatukusema. Tulilala kila mtu ameelekea ukuta wake.

*

Nikieleze kijiko chenyewe kwa asiyekijua. Ni trekta dogo la Kijapani, la mtumba, lenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 26. Mbele lina ndoo pana ya kuzolea na kubebea. Nyuma lina mkono mrefu wenye viungo vitatu kama mkono wa binadamu: bega, kiwiko na kifundo, na mwisho wa mkono ndicho kile kijiko chenye meno. Ukikaa kwenye kiti unatazama mbele kuendesha. Ukitaka kuchimba unageuka nyuma na kushika mikono miwili midogo ya chuma. Wa kushoto unapandisha bega na kulizungusha, wa kulia unakunja kiwiko na kijiko. Ubavuni kuna miguu miwili inayoshuka kwa oili ya haidroliki na kukanyaga ardhi, ili mashine isiyumbe wakati mkono unavuta.

Huku kwetu mashine ya namna hii, iwe imetengenezwa na nani, watu huiita JCB. Jina limebaki kutoka kwa Mwingereza Joseph Cyril Bamford, ambaye mwaka 1953 kampuni yake ilitoa trekta lenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Lakini JCB ya kuchimba mitaro ya barabarani haiwezi kuingia kwetu. Sisi tunakaa Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ndani ya kihamba. Kihamba ni shamba na ni nyumbani kwa wakati mmoja: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, zizi karibu na jiko, na makaburi ya wazee kati ya migomba. Njia ni za miguu. Trekta letu lina upana wa mita moja na nusu hivi, likapita kati ya migomba bila kuangusha hata mmoja. Mwalimu alikuwa amepima kwa kamba kabla ya kununua, kwa siri. Nilipolijua hilo nilizidi kuumia. Mtu aliyepima njia nzima kwa kamba alishindwa kupima hatua chache kutoka kitandani kwake hadi kwangu.

Lakini nitasema haki yake pia. Juma lile la kwanza kijiko kilifanya kazi ambayo mgongo wangu unaijua. Samadi ya miezi minne, ambayo mimi na kijana wetu wa kazi tungeibeba kwa karai juma zima, iliondoka zizini asubuhi moja. Mawe yaliyokuwa yamelala nyuma ya jiko tangu niolewe yalisogezwa, na chini yake tukapata udongo mweusi wa kupanda mboga. Kila jioni Mwalimu alivaa ovaroli, akachukua bomba la grisi, akazunguka pini moja baada ya nyingine, bega, kiwiko, kifundo, mpaka grisi ya zamani itoke pembeni nyeusi na mpya ifuate ikiwa safi. Alikuwa akiwaonyesha wajukuu: "Mkiona mpya imetokeza, basi. Kila baada ya saa 10 za kazi." Nilikuwa namwangalia kupitia dirisha la jiko. Tangu astaafu sikuwa nimemwona amesimama wima namna ile.

*

Balaa la kwanza lilikuja Jumamosi ya pili.

Alitaka kushusha mawe ya msingi kutoka juu ya kihamba hadi uwanjani. Ili trekta liwe jepesi kwenye njia nyembamba, aliuchomoa mkono wa nyuma, pini na mipira yake ya oili, akauacha umesimama kwenye miguu yake. Akajaza ndoo ya mbele mawe, akainyanyua juu apate kuona njia, akaanza kushuka.

Anayeendesha gari anadhani breki ziko kila gurudumu. Kwenye trekta letu breki ziko nyuma tu. Mawe yalipokuwa mbele na juu, na nyuma hakuna uzito tena, magurudumu ya nyuma yalianza kugusa ardhi kwa kuazima. Kwenye mteremko yakanyanyuka. Mwalimu akakanyaga breki, na breki haikuwa na kitu cha kushika. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni. Nililiona trekta likija limeinamisha pua, magurudumu makubwa ya nyuma yakielea, na uso wa mume wangu umekuwa wa kijivu.

Mjukuu wetu wa miaka 12, aliyekuwa amesimama kwenye kahawa, alipiga kelele: "Babu, shusha ndoo! Shusha ndoo!"

Akaishusha. Ndoo iligonga ardhi, ikalima kama jembe, trekta likakaa nyuma kwa kishindo na kusimama. Lilikuwa limepita juu ya banda la kuku na kuliacha bapa. Hatua nne mbele ya ndoo palikuwa na mlango wa jiko la Bibi, na Bibi alikuwa ndani.

Tulipoteza kuku watatu. Bibi alitoka, akatazama, akaanza kuokota mayai yaliyobaki mazima na kuyaweka kwenye khanga yake. Mwalimu alikuwa bado ameshikilia usukani. Nilimwendea nikamshika mkono wake, ulikuwa baridi kama wa mgonjwa. Sikumsemesha. Hasira niliyokuwa nayo ilihama mahali, ikawa hofu, na hofu ni nzito kuliko hasira.

Tangu siku ile tuna sheria tatu, na mjukuu ameziandika kwa chaki ukutani mwa stoo: ndoo ikiwa na mzigo iende chini chini, karibu na ardhi, uzito wa nyuma usitolewe, mteremkoni magurudumu yote manne yavute, kwa sababu hapo mbele nako kunasaidia kushika.

*

Ningependa kusema tulijifunza yote siku hiyo. Jumamosi iliyofuata ndipo kijiko kilipotuonyesha kilichobaki.

Upande wa chini wa kihamba chetu unapita mfongo, mfereji wa asili ambao wazee waliuchimba kwa mikono kuleta maji kutoka mtoni juu hadi mashambani. Mifongo ya Kilimanjaro ni ya zamani kuliko kahawa yenyewe. Ina kamati, ina mwenyekiti, ina siku za kusafisha, na ina zamu: maji ni yako saa fulani hadi saa fulani, halafu unafunga na mwenzako anafungua. Februari, jua likiwa kali na masika bado, mtu anaweza kukukopesha fedha lakini zamu yake ya maji hakukopeshi.

Ng'ambo ya mfongo anakaa jirani yetu. Ni mzee kuliko Bibi, tunamwita Meku, kama tunavyowaita wazee kwa heshima. Kati ya kihamba chetu na mfongo palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo Wachaga tunaipanda mipakani na makaburini. Mipaka ya masale haina cheti wala ramani, na watu huiheshimu kuliko vyote viwili. Masale yale yalipandwa na baba yake Meku na baba yake Mwalimu wakiwa pamoja, siku moja, kabla ya mimi kuzaliwa.

Shimo la gesi lilitakiwa kuwa la duara, kipenyo mita tatu, kina zaidi ya mita mbili. Fundi wa biogesi alikwishatuchorea kwa majivu. Alituonyesha sehemu mbili, moja karibu na zizi lakini yenye mawe, nyingine chini karibu na masale, udongo laini. Mwalimu akachagua ya chini. Bibi akasema, "Mwanangu, pale chini panatoka jasho." Alikuwa na maana kwamba maji ya mfongo yanavuja chini kwa chini na udongo wake haukauki. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba mashine ina miguu.

Kufikia saa nne asubuhi shimo lilikuwa limefika kifua cha mtu. Mwalimu alikuwa anafanya kazi vizuri, nakiri. Ndoo ya mbele ameikandamiza chini, miguu imeshuka, magurudumu ya nyuma yamenyanyuliwa kidogo, kifusi anakimwaga mbali na ukingo. Kisha meno yakakuta jiwe. Lilikuwa upande wa kushoto, mwisho kabisa wa urefu wa mkono. Alilizunguka, akalichokoa, akalipakata kwenye kijiko, akaanza kulinyanyua.

Uzito wote ukahamia mguu wa kushoto. Kisahani cha chini ya mguu ule ni kidogo kama sinia la chai. Kilikuwa kimekaa kwenye udongo wenye jasho, hatua moja na nusu kutoka kwenye mfongo.

Sikusikia mlio wowote. Niliona mguu ukiingia ardhini polepole, kama kidole kinavyoingia kwenye ugali. Mashine ikaanza kuinamia mfongo. Mwalimu akafanya jambo ambalo baadaye fundi alisema ndilo lililomwokoa: aliuzungusha mkono kushoto kabisa na kuupiga chini, ili ukae kama nguzo. Mkono ulitua juu ya masale. Niliona matano yakinyofolewa na mizizi yake. Kijiko kikateleza hadi ukingo wa mfongo na kuubomoa, mpira mmoja wa oili ukabanwa kwenye chuma na kupasuka, oili ikaruka juu kama mvua ya rangi ya chai. Mashine ikabaki imelala upande, imeegemea kiwiko chake.

"Zima injini!" Sikujua kama sauti ile ni yangu.

Akazima. Akashuka upande wa juu, mzima, ovaroli yote oili. Ndipo tukasikia maji. Mfongo mzima ulikuwa unaingia kwenye shimo letu.

Na ilikuwa zamu ya Meku, hadi saa sita mchana.

*

Mjukuu alikimbia kupanda juu hadi kwenye banio, mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni, kumwambia mwenyekiti afunge. Ni mwendo wa nusu saa. Nusu saa ile tulipambana na maji kwa mikono. Tulikata migomba tukaitupa kwenye pengo, ikaelea. Tukajaza udongo kwenye magunia ya mbolea, nikasimama ndani ya mfongo maji yakinifika magotini, nikawa napokea magunia na kuyapanga. Majirani walikuja bila kuitwa, wanaume na machepeo, wanawake na magunia. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Maji yalipopungua hatimaye, shimo lilikuwa limekuwa bwawa, na kuta zake zilikuwa zinadondoka moja moja kwa mlio wa kitu kinachomezwa.

Meku alikuja akaegemea fimbo yake upande wa pili. Aliutazama mfongo uliokauka, akayatazama masale yamelala na mizizi juu. Hakusema neno. Akageuka akaenda. Mwalimu aliketi chini kwenye kifusi, akashika kichwa. Tuliamini anakwenda kwenye kamati.

Alirudi baada ya robo saa. Nyuma yake mjukuu wake alikuwa amebeba ubao begani, ubao mpana wa mti wa mruka, mnene kama kiganja kilicholazwa ubavu, uliokuwa mlango wa stoo yake ya kahawa zamani. Bawaba zake zilikuwa bado zimo. Meku akaonyesha kwa fimbo: pale, chini ya jeki. Mpaka wakati ule jeki ya lori iliyoazimwa ilikuwa inazama kila tukiipampu, kama mguu ulivyozama. Juu ya ubao haikuzama. Tulinyanyua mashine kidogo kidogo, tukashindilia mawe, tukanyanyua tena, cheni ikiwa imefungwa kwenye mti kuishikilia isirudi. Saa moja usiku ilisimama kwenye magurudumu yake manne.

Meku alikuwa ameshaondoka. Ubao wake ulikuwa umebaki, umejaa matope.

*

Usiku ule ndipo tulipozungumza. Mwalimu alikuwa ameoga lakini bado alinuka dizeli. Tulikaa jikoni, mwanga wa makaa tu.

"Nimefundisha kanieneo miaka 34," alisema. "Kani gawanya kwa eneo. Nilikuwa nawauliza watoto, kwa nini mwanamke mwenye viatu vya kisigino kirefu anazama kwenye matope na tembo hazami kama yeye? Wananyoosha vidole wote. Wote wanajua. Uzito ukisimama mahali padogo, unatoboa. Ukitandazwa, ardhi inaubeba." Akanyamaza. "Ubao mmoja tu. Ningeweka ubao mmoja chini ya kila mguu."

Nikamwambia, "Na fedha?"

"Fedha zimefanyaje?"

"Ulizisimamisha kwenye kichwa chako peke yako, Mwalimu. Nami nipo hapa, mpana wa kutosha."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Fuso lile lije. Kisha akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake. Aliniambia kwamba tangu astaafu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa, halafu anakumbuka hana pa kwenda. Kwamba alitaka kitu ambacho kikinguruma watu wangejua yupo. Nilikuwa nimelala kando yake miezi minane bila kulijua hilo. Nikalia na mimi, kwa sababu na mimi sikuwa nimemuuliza.

*

Asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Bibi alichagua sale moja kati ya yale matano yaliyong'olewa. Alikata kilele chake, akalipiga fundo jani moja kwa vidole vyake vilivyopinda. Kwetu, mtu aliyekosa akikuletea sale, huwezi kumfungia mlango. Ni ombi la msamaha ambalo hata aliyeuawa ndugu yake hulisikiliza. Kilichonichoma ni kwamba hatukuwa na sale jingine la kuombea ila lile lile tulilolikosea.

Tulivuka watatu. Mwalimu alikuwa ameusafisha ubao kwa brashi na sabuni, ameubeba begani kuurudisha. Meku alikuwa uani, amekaa juani. Bibi alisema maneno ya Kichaga, ya zamani, mengine hata mimi sikuyaelewa. Mwalimu akapiga goti na kutoa sale kwa mikono miwili.

Meku alilipokea. Alilishika muda mrefu, akalinusa. Akasema, "Hili alilishika baba yako shina, mimi mtoto nilikuwa nachota maji ya kumwagilia." Kisha akataja masharti yake: ukingo wa mfongo ujengwe upya kwa mawe kabla ya zamu yake ijayo, masale yote matano yarudishwe ardhini, nalo hili la mkononi atalipanda yeye, na mbege, ila isiwe ya haraka. Bibi akakubali. Mbege ya kweli, pombe yetu ya ndizi, inataka siku zake, ndizi ziive, zichemshwe, zikae, ndipo kimea cha ulezi kiingie.

Mwalimu akausogeza ubao. "Na huu tumekurudishia, Meku. Asante."

Mzee akautikisia kichwa. "Huo uache kwenu. Ule mguu wa upande wa mfongo ni wangu."

*

Jumatatu mpira uliopasuka ulipelekwa Moshi mjini kwa mafundi wa mipira ya haidroliki. Wakapima urefu, wakakata mpya, wakabana vichwa vyake kwa mashine. Yule fundi mzee aliyeshika kazi alimwuliza Mwalimu: "Mlitafuta penye kuvuja kwa kupapasa?" Mwalimu akasema hapana, tulizima. Fundi akashukuru Mungu kwa sauti. Akaeleza kwamba tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye presha hutoa oili kwa kasi ya kupenya ngozi ya mkono, na mtu anaona kidoa tu, haumii sana, huku oili inamwozesha kwa ndani. Pa kuvuja hupapaswa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja, na ukichomwa ni hospitali saa hiyo hiyo. Sheria ya nne ikaandikwa ukutani kwa chaki.

Ukingo tuliujenga siku tatu. Mawe yalibebwa na ndoo ya mbele, chini chini, karibu na ardhi. Shimo la zamani tulilifukia. Lile jipya lilichimbwa juu, karibu na zizi, kwenye mawe, mahali ambapo Bibi alituonyesha kwa fimbo baada ya kuzunguka kihamba chote na Mwalimu, akimtajia: hapa bomba, hapa kaburi, hapa maji yanapita chini, hapa mizizi ya mruka. Walitembea asubuhi nzima. Mwalimu alikuwa anachomeka vijiti na mimi ninaandika kwenye daftari, lile lile la hesabu, ukurasa mpya.

Machi, kabla ya masika kushika, kamati iliita msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua nduwa, bwawa la juu la kuhifadhia maji ya mfongo, ambalo tope lilikuwa limelijaza nusu. Safari hii kijiko kilikwenda kwa ridhaa ya mkutano. Watu walitoa tope sehemu ambazo mashine haifiki, mashine ikatoa sehemu ambazo ingewachukua watu siku nyingi. Hatukutoza. Paa litasubiri msimu mwingine, tumelirudisha kwenye daftari na mstari wake. Ng'ombe wa pili tumemkopa kwa jirani kwa makubaliano ya ndama.

Aprili, Bibi alipika mtori kwenye moto wa buluu kwa mara ya kwanza. Alikaa mbali na jiko kwa mazoea, akisubiri moshi, na moshi haukuja. Baada ya muda alisogeza kigoda chake karibu.

Masale manne yameshika upande wetu. La tano, lile la fundo, liko upande wa Meku, nalo limetoa jani.

Na kila kazi inapoanza, kabla injini haijawashwa, Mwalimu huita, "Leteni mbao!" Ninaleta mimi, au wajukuu. Zipo mbili. Wa kulia ni wetu, tuliupasua kutoka kwenye mgrevilea ulioanguka. Wa kushoto una bawaba mbili za zamani zilizoshika kutu. Mwalimu huulaza mwenyewe, hukanyaga kuhakikisha umekaa, halafu hushusha mguu taratibu mpaka kisahani kikae katikati yake.

Siku moja kazi ilikuwa upande wa juu kabisa wa kihamba, mbali na mfongo, kwenye udongo mkavu ulioshiba mawe. Nikamwuliza kama leo tuuache stoo.

"Lete," alisema. "Meku atauliza."